Unene wa Kisu cha Porini: Mgongoni na Nyuma ya Makali

Karibu kila anayetafuta kisu cha kwenda nacho porini huanza kwa kuuliza unene, na muuzaji humjibu kwa kukilaza kisu kiganjani ili mgongo wake uonekane vizuri. Milimita 5 husifiwa kuliko 3, na milimita 6 husifiwa kuliko 5, kana kwamba upana wa mgongo ndio kazi yenyewe. Mimi nimetumia visu vya namna nyingi katika misitu ya Usambara na katika nyika zilizo chini ya Meru, na msimamo wangu ni tofauti. Mgongo haukati kitu. Unene unaopaswa kuulizwa kwanza ni ule wa nyuma ya makali, pale ambapo mteremko mdogo unaonolewa unaishia na bapa la kisu linaanza. Na kinachoamua unene huo ni mchongo wa bapa, yaani namna chuma kilivyopunguzwa kutoka mgongoni hadi kufikia makali.

Sisemi kwamba mgongo hauna kazi. Ubao wa chuma unapopindwa, ukaidi wake huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene: ukiongeza unene maradufu, ubao unakuwa mgumu kupinda mara 8, na nguvu inayohitajika kuuvunja au kuupinda usirudi huongezeka mara 4 hivi. Kwa hiyo kisu cha milimita 5 ni kaidi mno kukilinganisha na cha milimita 2.5 chenye chuma kile kile, na anayetaka kuchokonoa magome, kubandua kitu kilichokwama au kukigonga kisu kwa gongo ili kipasue ukuni ana haki ya kuutaka ukaidi huo. Hata hivyo, bapa jembamba nalo lina faida yake ambayo husahaulika: kabla halijavunjika linaweza kujikunja kwa upinde mkubwa zaidi kuliko bapa nene, na mwenye kisu hupata onyo mapema kwamba anakitumikisha vibaya.

Gharama ya unene huanza kwenye uzito. Bapa lenye urefu wa sentimita 12, kimo cha sentimita 3 kutoka makali hadi mgongoni, na unene wa milimita 3 lina gramu 85 hivi za chuma kabla halijachongwa. Lipe milimita 6 na gramu zinakuwa 170, bila kuhesabu msuka ulioingia ndani ya mpini wala ala ya ngozi. Uzito huo wote unaning'inia kiunoni kutwa nzima. Lakini uzito ni gharama ndogo, kwa sababu mtu huuzoea. Gharama kubwa hujitokeza kisu kinapoingia ndani ya kitu na kile kitu kikakataa kuachana.

Chukua muhogo mbichi ulio mnene kama kifundo cha mkono, uumenye, kisha uukate vipande kwa kisu cha mgongo wa milimita 5. Sentimita ya kwanza makali hupita vizuri. Baada ya hapo muhogo huanza kulia, ufa hutangulia mbele ya makali, na kipande huchomoka kwa kishindo kikiwa na uso uliopasuka, si uliokatwa. Makali hayakufika hata nusu ya safari. Sehemu iliyobaki ilifanywa na mabega ya kisu, yaani pale mteremko unapokutana na bapa nene, yaliyousukuma muhogo kushoto na kulia. Kisu chembamba kikipewa muhogo ule ule kinateremka hadi kwenye ubao wa kukatia, na nyuso mbili za muhogo zinabaki laini na zenye maji. Karoti na boga huonyesha jambo hilo hilo, ila muhogo hulisema kwa sauti, na ndiyo maana nauona kuwa ni kipimo kizuri kuliko ile karatasi ambayo wauzaji hupenda kuikatakata mbele ya wateja. Karatasi hupima ukali wa makali peke yake. Haina unene, kwa hiyo haiwezi kukueleza chochote kuhusu kinachofuata nyuma ya makali.

Unene wa nyuma ya makali hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene kwa taya mbili, na visu vya jikoni vilivyotengenezwa vizuri huwa na milimita 0.2 au 0.3 mahali hapo. Kisu cha porini chenye matumizi mchanganyiko hufanya kazi vizuri kikiwa na milimita 0.5 hivi, na kikifika milimita 0.8 au 1 huwa kimetengenezwa kwa ajili ya vurugu. Asiye na kalipa anaweza kukisia kwa macho. Kisu kikinolewa kwa nyuzi 20 kila upande, ule mstari unaong'aa kandokando ya makali huwa na upana wa milimita 0.7 hivi ikiwa unene wa nyuma yake ni milimita 0.5; ukiuona mstari umepanuka hadi milimita moja na nusu, jua kwamba unene umefika milimita nzima, na kwamba kisu hicho kitakwama kwenye muhogo hata kikinolewa kiasi cha kunyoa ndevu.

Hapa ndipo mchongo unapoingia, na ndipo hesabu ya mgongo inapovunjika kabisa. Chukua visu viwili. Cha kwanza kina mgongo wa milimita 2.5 tu, na unene huo haupungui hata kidogo hadi karibu kabisa na makali, ambako chuma kinateremka ghafla katika milimita 6 za mwisho. Cha pili kina mgongo mnene wa milimita 6, lakini bapa lake lote, lenye kimo cha milimita 28, limesagwa kwa mteremko mmoja mnyoofu kuanzia mgongoni, hadi likabaki na milimita 0.4 nyuma ya makali. Sasa pima unene wa kila kimoja kwa kupanda kutoka kwenye makali. Ukipanda milimita 6, kisu cha kwanza tayari kina milimita 2.5 zake zote ilhali cha pili kina 1.6 tu. Ukipanda milimita 10, cha kwanza kina 2.5 na cha pili kina 2.4, yaani wamelingana. Ni kuanzia hapo kwenda juu ndipo kile kinene kinaanza kuwa kinene kweli: ukifika milimita 20 kina 4.4, wakati mwenzake hajabadilika.

Maana yake ni kwamba kisu cha milimita 6 kinaweza kukimenya kiazi, kukata kamba na kuchuna ngozi ya mbuzi kwa wepesi kuliko kisu cha milimita 2.5, kwa kuwa kazi hizo huishia kwenye milimita chache za kwanza. Na kisu hicho hicho kikashindwa vibaya kwenye boga, kwa kuwa boga humeza bapa lote hadi mgongoni. Mtu akinitajia unene wa mgongo bila kunitajia kimo cha bapa na mchongo wake, huwa bado hajaniambia kitu.

Mchongo ule wa kwanza, wa bapa lisilopungua na mteremko mmoja mpana wa mwisho, ndio mchongo wa Skandinavia, na mfano wake unaojulikana duniani kote ni visu vya Mora, Uswidi, ambavyo viwanda vyake katika kijiji cha Östnor vilianza mwaka 1891. Kisu chao cha Companion cha kawaida kina unene wa milimita 2.5, na Garberg, ambacho msuka wake unapita ndani ya mpini hadi mwisho, kina milimita 3.2. Pembe ya makali kwa jumla, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja, iko katika nyuzi 23 hadi 25 hivi. Hakuna mteremko wa pili. Anayenoa hulaza uso wote wa mteremko juu ya kinoo, akausikia umekaa, kisha akasukuma. Hata mtoto anayejifunza hawezi kukosea pembe kwa urahisi, kwa kuwa kinoo chenyewe kinamwongoza. Ukipaka mteremko wino wa maka peni kabla ya kunoa, utaona wino ukifutika sawasawa kuanzia bega hadi ncha ya makali, na pale wino unapobaki ndipo mkono wako unapoelemea upande.

Uso huo mpana una faida ya pili kwenye kuchonga mti. Fundi anapochonga kijiko au mpini, mteremko hukaa juu ya mti na kuushika, makali hayazami ghafla wala hayarukii nje, na maranda hutoka marefu yenye unene mmoja. Kwa kuandaa moto wakati wa mvua, pale unapohitaji kukichonga kijiti kikavu kiwe na maranda mengi yaliyojikunja bila kukatika, sijaona mchongo unaoushinda huu.

Ila mchongo huo ulizaliwa kwenye misonobari na mibetula, miti ambayo kila mita ya ujazo ina kilo 500 au 600 hivi, na sisi tuna miti ya tabia nyingine. Mpingo una kilo 1,200 au zaidi kwa mita ya ujazo na huzama majini. Migunga ya nyikani, ikishakauka, haiko mbali sana na ubishi huo, na mafundo yake ni magumu kuliko mti wenyewe. Makali ya nyuzi 23 yasiyo na kitu nyuma yake yakiingia kwenye fundo la mgunga na mkono ukayapinda kidogo, mambo mawili huweza kutokea: chuma kikiwa laini, makali hujikunja upande mmoja na ukipitisha ukucha utausikia mkunjo; chuma kikiwa kigumu, humeguka na kuacha mapengo madogo yenye umbo la nusu mwezi. Watu wengi wanaolalamika kwamba kisu cha Uswidi ni dhaifu walikikabidhi kazi ya fundo la mgunga siku ya kwanza, kisha wakakihukumu.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu. Baada ya kunoa kwa kulaza mteremko wote, kisu huinuliwa kidogo juu ya kinoo laini, nyuzi 17 au 18 kwa kila upande, na kupitishwa mara chache kwa mkono mwepesi hadi utokee mstari mwembamba mno ambao macho huuona kwa kuugeuzia mwanga. Mteremko huo mdogo wa pili hupunguza utamu kidogo kwenye mti laini, na wapenzi wa mchongo huu wenye msimamo mkali huuona kama uharibifu, lakini kwenye migunga na mikaratusi mikavu ndio unaofanya makali yadumu hadi jioni. Mninga, kwa upande mwingine, hauhitaji hatua hiyo. Huchongeka kwa ukarimu hata kwa makali membamba, na ni mti ninaomshauri yeyote anayetaka kujifunza kuchonga auanzie.

Mchongo wa pili katika mfano wangu, wa mteremko mnyoofu kutoka mgongoni, nitauita mchongo bapa kamili, na kama ningelazimishwa kuwa na kisu kimoja tu ningeuchagua. Hupita vizuri ndani ya nyama na mboga, ni mwepesi kwa kuwa nusu ya chuma cha bapa imeondolewa, na bado mgongo wake unabaki na unene wa kutosha kupokea kidole gumba au kugongwa kwa gongo. Udhaifu wake ni kwamba mteremko wa kunolea ni mwembamba kama uzi, kwa hiyo mnoaji analazimika kuishika pembe kwa mkono, na asiyezoea humaliza kwa kuyaviringisha makali.

Kuna pia mchongo wa nusu bapa, ambao mteremko unaanzia katikati ya kimo badala ya mgongoni. Ndio wa kisu cha Kikosi cha Wanamaji wa Marekani kilichokubaliwa mwaka 1942 na kujulikana kwa jina la Ka-Bar, chenye bapa la inchi 7 na unene wa milimita 4.2 hivi. Kwa askari anayehitaji kufungua masanduku, kuchimba na kujihami kwa chombo kimoja, ni uamuzi unaoeleweka. Kwa anayekwenda kulala kambini na kupika, ni kisu kinachopasua vitunguu. Nasikitika kwamba visu vingi vya bei nafuu vinavyoingia kwenye masoko yetu vikiitwa vya makomando vimeiga umbo hilo la nje, na kuongeza meno mgongoni, bila kuiga ubora wa chuma wala matiko yake, yaani namna kilivyogumishwa kwa moto na kupozwa.

Mchongo mbonyeo, unaoingia ndani kwa kufuata duara la jiwe la kusagia, nitaupita haraka. Unatoa makali membamba sana, ndiyo maana nyembe za kinyozi za zamani zilichongwa hivyo, na kwa kuchuna ngozi hauna mpinzani. Kwenye mti mgumu hauna nyama nyuma yake ya kuyashikilia makali, na bapa linaponenepa kuelekea mgongoni hukwama ghafla.

Mchongo mbinuko ni kinyume chake: pande za bapa zimevimba taratibu bila bega lolote, kama zilivyo pande za shoka. Mti ukigusana na upande uliovimba hugusana sehemu ndogo tu, kwa hiyo kisu hakigandi ndani ya ukuni, na makali yana chuma cha kutosha nyuma yake. Kisu cha Fällkniven F1, ambacho marubani wa jeshi la anga la Uswidi wamekuwa wakipewa tangu mwaka 1995, kina mchongo huu pamoja na mgongo wa milimita 4.5, na kinaonyesha kwamba unene mkubwa unaweza kuvumilika endapo umepangwa kwa akili. Kukinoa hakutaki kinoo kigumu. Msasa laini hulazwa juu ya kitu kinachobonyea kidogo, mathalani kipande cha ngozi au ndara kuukuu, na kisu huvutwa kuelekea mgongoni, ili msasa ukumbatie uvimbe ule badala ya kuusawazisha. Wengi wetu tumekuwa tukitengeneza mchongo huu bila kuupanga, kwa kuwa mkono unaonoa kwa mazoea juu ya jiwe la uani huyumba, na kuyumba huko huondoa mabega. Visu vya bibi zetu vilivyolika hadi vikabaki kimo cha kidole, na ambavyo bado vinapata kuliko kisu chochote kipya dukani, ukivitazama kwa upande wa ncha utaona ule uvimbe mdogo.

Sasa niseme kwa nini naona mjadala wa visu vinene hautuhusu sana. Kisu cha milimita 6 kilibuniwa kwa mtu anayejidhania kwamba siku moja atabaki na chombo kimoja tu mkononi, na chombo hicho kitalazimika kuwa kisu, shoka na mtaimbo. Mtu wa huku hayuko hivyo. Anayeingia porini Handeni au Kitui ana panga. Panga ni bamba la chuma lenye unene wa milimita 2 au 3 tu, jembamba kuliko kisu chochote cha kikomando, na bado linaangusha mti, kwa sababu nguvu yake inatokana na urefu na mwendo wa mkono, si unene. Chuma chake huachwa kikiwa laini kiasi cha kuliwa na tupa, kwa hiyo makali yakigonga jiwe hujikunja badala ya kumeguka, na mwenye panga huyarudisha kwa tupa papo hapo shambani. Sime ya Wamaasai imelitatua tatizo hilo kwa njia yake: bapa linapanuka kuelekea mbele, uzito unahamia karibu na ncha, na ukingo ulioinuka katikati unalipa ukaidi bila kuhitaji unene huo uende hadi kwenye makali.

Jamii nyingine zilizoishi na visu kwa karne nyingi zimefanya mgawanyo huo huo. Wasami wa kaskazini mwa Uswidi, Norwei na Ufini hubeba kisu kikubwa cha kukatia matawi na kupasulia kuni pamoja na kidogo chembamba cha kuchongea na kuchinjia. Khukuri ya Nepali, kisu kikubwa kilichopinda ambacho mgongo wake mara nyingi hufika milimita 8 au zaidi, huwa na ala yenye mifuko midogo miwili nyuma: mmoja wa karda, kisu kidogo cha kazi ndogo ndogo, na mwingine wa chakmak, kipande butu cha chuma cha kunyooshea makali. Hao wote wana kitu kinene au kizito cha kugongea, na kwa sababu hiyo kisu chao kidogo kimeachiwa kuwa chembamba. Joseph Opinel alipoanza kutengeneza visu vya kukunja kwa ajili ya wakulima wa milimani huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, aliwapa bapa ambalo katika saizi maarufu ya namba 8 lina unene chini ya milimita 2, na halijapata kuhitaji kunenepeshwa.

Kwa hiyo anayebeba panga anahitaji kisu chembamba, na yule anayekataa kubeba panga, labda kwa sababu anapanda mlima na wapagazi au anakwenda mahali ambapo halikubaliki, ndiye mwenye hoja ya kutaka milimita 4. Hata huyo asisahau kwamba kupasua kuni kwa kisu kunategemea kabari. Kisu kikishaingia kwenye kichwa cha ukuni na kugongwa, makali hayagusi kitu tena. Mabega ndiyo yanayoufungua mti, na ufa unakimbia mbele. Mgongo mnene husaidia hapo. Lakini kisu cha milimita 2.5 nacho hupasua ukuni wa unene wa mkono kama ukuni hauna fundo na mpasuaji anaanzia pembeni badala ya katikati, au anachonga kabari ya mti na kuipachika kwenye ufa ambao kisu kimeanzisha.

Wahunzi wetu, wa Kamukunji jijini Nairobi na wenzao wa Gerezani jijini Dar es Salaam, hufua visu kutokana na springi za magari, na chuma hicho ni kizuri kuliko wengi wanavyodhani: ni kigumu, kinakubali matiko ya mafuta na kinavumilia kugongwa. Tatizo lake ni kwamba springi ya gari huja na unene wa milimita 6 au zaidi, na kuisaga hadi chini ni kazi ndefu inayokula mawe ya grainda. Matokeo yake, kisu hutoka na mgongo wa springi nzima na mteremko mfupi wa milimita 6 au 7 upande wa chini. Bapa la milimita 5 likiteremka katika kimo cha milimita 6, pembe ya jumla inakuwa nyuzi 45, ambayo ni pembe ya patasi inayogongwa kwa nyundo. Ili kupata pembe ile ya Mora kwa unene huo, mteremko ungepaswa kuwa na kimo cha milimita 12.

Hatari ya pili iko kwenye moto. Chuma cha springi kilichotiwa matiko kikarudishwa kwa joto la nyuzi 200 za selsiasi hivi huwa na rangi ya majani makavu, na hapo kina ugumu unaofaa kisu. Grainda ikikazwa kwenye makali yaliyokwisha kuwa membamba, joto hupanda kwa kufumba na kufumbua. Ukiona rangi ya samawati ikitambaa pembezoni, joto limefika nyuzi 300 hivi, na makali hapo yamelainika bila kujali mwenye kisu atanoa vipi baadaye. Mhunzi makini huacha kama milimita moja kwenye makali kabla ya kuzamisha kisu kwenye mafuta, kwa sababu makali membamba mno hupinda au kupasuka yakipozwa ghafla, kisha humalizia kusaga taratibu akikichovya kisu majini kila baada ya mkupuo mmoja au miwili, na kidole chake kikiwa juu ya chuma bila glavu ili ajue joto lilipo.

Hata kisu kilichochongwa vizuri hakibaki hivyo. Kila kinaponolewa, makali hupanda kidogo kuelekea mgongoni, yaani kuelekea mahali ambapo chuma ni kinene zaidi, na baada ya miaka miwili mitatu ya kunolewa kwenye mteremko mdogo peke yake, unene wa nyuma ya makali unaweza kuwa umeongezeka maradufu. Mwenye kisu husema kwamba chuma kimechoka. Chuma hakijachoka, kisu kimenenepa. Kwa hiyo, mara moja moja, kisu chenye mchongo bapa kamili kinapaswa kulazwa karibu kabisa na kinoo cha chembe nene, nyuzi 5 au 7 tu, na kusuguliwa pande zote mbili hadi bega lipotee, ndipo makali yenyewe yanolewe kama kawaida. Mikwaruzo itaonekana kwenye bapa, na anayependa kisu king'ae hatafurahi. Mchongo wa Skandinavia haudai kazi hiyo ya ziada, kwa sababu kila kunoa ni kupunguza bapa pia, na hiyo nayo ni sababu mojawapo inayowafanya watu wa misituni waendelee kuupenda.

Kisu ninachokitumia zaidi sasa nilikiagiza kwa mhunzi kwa vipimo: springi iliyofuliwa hadi milimita 3 mgongoni, bapa la sentimita 11 lenye kimo cha milimita 28, mchongo bapa kamili, milimita 0.5 nyuma ya makali, na pembe za mgongo zilizoachwa kali ili zikwangue magome na kutoa cheche kwenye kijiti cha metali cha kuwashia moto. Mhunzi alinitazama, akaniuliza kama nina uhakika, kisha akataja bei iliyozidi ile ya visu vinene vilivyokuwa vimepangwa mbele yake. Alisema kazi ya kuondoa chuma ni kubwa kuliko ya kukiacha, na zaidi ya hapo, nikikikataa hatampata mwingine wa kukinunua, kwa kuwa wateja wake hukipima kisu kwa kukirusharusha kiganjani kabla hawajauliza kama kinapata.